"Sistimu iko chini" si jibu

Kuna sentensi tatu ambazo Mkenya yeyote mwenye simu anazijua kwa moyo. Ya kwanza ni "sistimu iko chini". Ya pili ni "tunakumbwa na hitilafu ya kiufundi". Ya tatu, ambayo ndiyo nyanya yao, ni "tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza". Zikamue zote tatu pamoja na hutapata tone moja la habari. Hazisemi ni nini kimeharibika, hazisemi pesa zangu ziko wapi, hazisemi nirudi saa ngapi. Na hilo neno "wowote" ndilo linaloniudhi kuliko yote. Usumbufu wowote? Yaani huna hakika kama kuna aliyesumbuka? Foleni inazunguka jengo!

Basi leo nimekuja kugombana. Mimi naandika programu, ndiyo kazi inayonilisha, na nimekaa zamu za usiku nyuma ya mitambo ya aina hii. Nawaambieni jambo ambalo makampuni hayatawaambia: mtambo unapoanguka, watu walio ndani karibu kila mara huwa wanajua kitu katika robo saa ya kwanza. Hawajui kila kitu, la. Lakini wanajua kitu, na mara nyingi ndicho kitu hasa unachokihitaji wewe uliye nje. Habari ipo. Ruhusa ya kuitoa ndiyo haipo.

Maafisa wetu wanalipenda sana neno "washikadau". Hakuna warsha Naivasha isiyokuwa na washikadau. Sasa lichunguze neno lenyewe. Dau ni kile mchezaji anachokiweka mezani. Ukishaweka dau lako, una haki ya kuona karata zinachezwaje. Lakini huku kwetu mshikadau ni mtu wa kualikwa chai na mandazi mambo yakiwa mazuri, na mambo yakiharibika anafungiwa mlango na kuambiwa angoje taarifa rasmi.

Chukua yaliyotupata Julai 2023. eCitizen, tovuti ambayo serikali ilikuwa imeihamishia huduma zaidi ya 5,000, ilianza kusuasua, kisha ikawa haifunguki. Pasipoti, leseni za kuendesha gari, vibali vya biashara, vyote mle mle. Watu walitatizika kununua tokeni za umeme, wengine wakashindwa kukata tikiti za treni, na wageni waliokuwa wakiomba viza kwa mtandao ikabidi waambiwe watapewa wakifika. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilikuwa tayari linajigamba kwenye Telegram kwamba ni kazi yake. Waziri wa habari na mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha tarehe 27 Julai kwamba kweli kulikuwa na shambulio, akasema hakuna data iliyopotea.

Mnaona mpangilio huo? Washambulizi walitufikia kabla ya wenye nyumba. Na hili si jambo dogo, kwa sababu shambulio lenyewe lilikuwa la aina ambayo ni rahisi sana kumweleza mtu. Ni mafuriko ya maombi ya uwongo. Fikiria matatu elfu kumi zisizo na abiria zinaingia stendi moja kwa wakati mmoja. Stendi inaziba, hakuna anayetoka wala kuingia, lakini hakuna aliyevunja sefu ya mtu. Tofauti ya kuziba mlango na kuvunja sefu ndiyo iliyokuwa ikiwanyima watu usingizi: je, kitambulisho changu kimeibwa? Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimeangukia mikono ya nani? Sentensi mbili za mapema zingetosha kuitoa hofu hiyo. Oktoba 2024 Marekani iliwafungulia mashtaka ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuendesha kundi hilo, kwa hiyo leo tunajua mengi. Lakini mtu aliyekuwa na safari siku ile hakuhitaji hati ya mashtaka ya mwaka uliofuata. Alihitaji kujua kama arudi nyumbani au angoje.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Unapokaa kimya, unaninyima uamuzi. Kama ungeniambia saa tatu asubuhi kwamba hutarudi kabla ya saa kumi, ningetafuta njia nyingine: ningemtumia fundi pesa taslimu na boda, ningeahirisha safari, ningemwomba jirani tokeni za usiku mmoja. Usiponiambia, nakaa pale pale nikibonyeza kitufe kile kile kama kuku anayedonoa kioo.

Na kubonyeza kuna gharama. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye timu ya kampuni moja ya mikopo ya simu (jina naliacha). Ijumaa ya mwisho wa mwezi, magharibi, diski ya hifadhidata ikajaa. Wateja walikuwa wanalipa, pesa zinatoka kwenye simu zao, lakini deni halipungui kwenye programu yetu. Katika dakika kumi tulikuwa tunajua mambo mawili: malipo yote yako salama kwenye foleni, na yataingia yenyewe tukishaongeza nafasi. Nikaandika sentensi mbili: Pesa zako tumezipokea, deni litapungua baadaye usiku huu. Tafadhali usilipe mara ya pili.

Sentensi hizo zikaenda kwa mkuu wa mawasiliano. Yeye akazipeleka kwa wakili. Wakili akataka neno "pesa" litolewe. Kisha ikahitajika idhini ya mkurugenzi, naye alikuwa harusini Machakos. Ujumbe ukatoka saa tano na dakika ishirini usiku, na ulisomeka: "Tunakumbwa na hitilafu ya kiufundi. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote." Saa hiyo tulikuwa tumeshaitengeneza diski kitambo! Yaani tuliwatangazia watu hitilafu ambayo haikuwepo tena, baada ya kuwanyamazia ilipokuwepo. Kati ya hapo watu walikuwa wamelipa mara mbili, wengine mara tatu, kwa kuogopa kuongezewa faini. Kuwarudishia kulituchukua wiki mbili, kwa mkono, mmoja mmoja. Sentensi mbili, jamani.

Kimya kina ubaya mwingine, nao ndio mbaya zaidi: kinamfanya kila mtu adhani ni yeye peke yake. Unazima simu na kuiwasha. Unatoa laini na kuirudisha. Unamlaumu mtoto aliyekuwa akicheza gemu. Uingereza jambo hili lilifika hadi gerezani. Kuanzia 1999 shirika lao la posta lilitumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliojengwa na Fujitsu, na mfumo huo ulikuwa ukionyesha upungufu wa pesa ambao haukuwepo. Wasimamizi wa posta ndogo ndogo za vijijini walipopiga simu kuuliza, wengi wao wanasimulia kwamba walijibiwa hakuna mwingine mwenye tatizo kama lako, ni wewe tu. Hadi 2015 zaidi ya 900 walikuwa wamepatikana na hatia kwa sababu ya hesabu hizo. Watu waliuza nyumba kulipa deni la hewa. Ilikuwa Desemba 2019 ndipo Mahakama Kuu huko London iliposema wazi kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na ni 2024 Bunge lilipopitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa jumla. Kwangu mimi, kiini cha kisa hicho si kasoro ya msimbo. Kasoro ziko kila mahali, hata hapa ninapoandikia zipo. Kiini ni ile sentensi ya "ni wewe tu". Kama kila mmoja wao angejua siku ya kwanza kwamba kuna mwenzake wa kijiji cha pili analia kilio hicho hicho, mambo hayangefika yalikofika.

Sasa mtaniuliza, wewe unataka kampuni ivue nguo barabarani? Ngoja niwape kisa cha waliovua.

Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, ambayo wanaprogramu huweka kazi zao huko, ilipata pigo ambalo kila mmoja wetu huliota usiku. Mhandisi mmoja, amechoka, ni usiku, anahangaika na seva mbili za hifadhidata zilizokataa kwenda sambamba. Akafuta data kwenye seva ya pili... kumbe yuko kwenye ya kwanza. Alipokuja kuzuia amri, kati ya gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wakakimbilia nakala za akiba. Walikuwa na njia tano za kuweka akiba, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi inavyotakiwa. Kilichowaokoa ni nakala moja ambayo mhandisi huyo huyo aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Kampuni nyingine ingeandika "matengenezo ya dharura". Wao walifungua waraka wao wa kazi uonwe na dunia nzima, wenye madudu yote ndani, ikiwemo hiyo aibu ya njia tano. Kisha wakarusha kazi ya urejeshaji moja kwa moja kwenye YouTube, watu maelfu wakitazama faili zikinakiliwa polepole kama kobe. Jina la aliyefuta hawakulitoa kwenye ripoti, alibaki "mwanatimu wa kwanza", na hakufukuzwa. Ilichukua kama saa 18 tovuti kurudi. Data ya saa sita ilipotea moja kwa moja: miradi yapata 5,000, maoni yapata 5,000, akaunti mpya kama 700. Hasara ya kweli, na waliisema kwa hesabu. Je, walikufa? Oktoba 2021 hisa zao ziliingia soko la Nasdaq. Sisemi ni kwa sababu ya ile video, lakini wale waliotabiri kwamba ukweli utawaua wamekula hasara ya utabiri wao.

Wakubwa zaidi yao hawajafanya vizuri hivyo. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Februari 2017, fundi wa Amazon alikosea amri moja kwenye mitambo yao ya Virginia akaondoa seva nyingi kuliko alivyokusudia, na hifadhi yao ya S3 ikalala kwa saa kadhaa, pamoja na tovuti chungu nzima zilizoitegemea. Ukurasa wao wa hali ya huduma ukabaki kijani. Kila kitu shwari! Kwa nini? Kwa sababu ule ukurasa wenyewe ulitegemea S3 ili kubadilishwa. Mganga hajigangi. Iliwabidi waandike Twitter. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook nayo ilipotea kwenye ramani ya intaneti kwa karibu saa sita, pamoja na WhatsApp na Instagram, na wafanyakazi wake wakakosa hata zana zao za ndani za kuwasiliana. Hao nao wakaomba msamaha kwa Twitter, kwa jirani. Wafanyabiashara wetu wanaopokea oda za keki na mitumba kwa WhatsApp siku hiyo walikaa tu. Kwa hiyo wewe mwenye kampuni, ukurasa wa kutangaza matatizo usiuweke kwenye seva zile zile zitakazoanguka. Uweke nyumba nyingine, na pia uwe na orodha ya namba za kutumia arafa ya kawaida. Hili halihitaji kamati.

Nakuja kwa pingamizi, maana najua zipo, na moja ni nzito.

Wanasema: tukizungumza mapema tutakosea, na kukosea ni kubaya kuliko kunyamaza. Haya, tuangalie CrowdStrike. Tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, walituma sasisho la programu yao ya usalama lililoziangusha kompyuta za Windows. Microsoft ilikadiria ni milioni 8.5. Ndege zikakaa chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Baada ya dakika 78 walilirudisha sasisho. Mkurugenzi wao, George Kurtz, aliandika mtandaoni saa chache baadaye, na dunia ikamshukia kwa sababu hakuweka "samahani". Mimi hapo namtetea kidogo. Alisema si shambulio, akasema ni Windows tu, Mac na Linux hazikuguswa. Fundi aliyekuwa na ofisi nzima iliyokufa aliweza kutumia habari hiyo mara moja. Samahani angeipata baadaye, na aliipata.

Kosa lake lilikuwa kwingine. Alisema marekebisho yameshatumwa. Kweli yalikuwa yametumwa, lakini kompyuta iliyokuwa inajizima na kujiwasha bila kufika popote haingeweza kuyapokea! Nyingi zilihitaji mtu asimame mbele yake, aifungue kwa hali ya usalama, afute faili moja, aende kwa inayofuata. Msomaji wa kawaida alielewa "imekwisha", wakati mafundi walikuwa wanaanza wiki ya jasho. Kwa hiyo si kuzungumza mapema kulikomponza. Kilichomponza ni kuzungumza kwa kipimo cha mtoaji huduma, "upande wetu tumemaliza", badala ya kipimo cha aliyekwama. Mtu hanijali seva zako zikoje. Anajali kama kompyuta yake inawaka.

Wanasema tena: tutazua hofu. Hofu ya nani? Watu tayari wameshaona haifanyi kazi, wako nje ya mlango wako. Utakachokizuia kwa kunyamaza ni maelezo yako tu. Ya wengine yataendelea. Na imani ikishachanika hata kweli haishoni. Tarehe 24 Juni 2024, kukiwa na maandamano ya Mswada wa Fedha, Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa taarifa kwamba haina nia ya kuzima intaneti. Kesho yake, siku ile waandamanaji walipoingia Bungeni, intaneti ikayumba nchi nzima. Safaricom ikasema ni kebo mbili za baharini zimepata hitilafu. Je, ni Wakenya wangapi unaowajua walioamini? Na kebo hukatika kweli. Mei ya mwaka huo huo EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini na tukateseka siku kadhaa. Lakini taarifa ya sentensi chache, bila kuonyesha kipimo chochote ambacho mtu wa nje angeweza kukikagua, mbele ya umma uliokwisha kushuku, haikuwa na miguu ya kusimama. Wakati wa wasiwasi ndio wakati wa kutoa maelezo marefu kuliko kawaida, si mafupi.

Na mawakili? Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inampa mdhibiti wa data saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data zikivuja. Ni vizuri. Ila nimeona watu wakiisoma sheria hiyo kinyume, kana kwamba inawapa ruhusa ya kulala saa 72. Huo ni ukomo wa nje, wa aina moja ya ajali. Diski iliyojaa haimo humo. Foleni ya hospitali haimo humo.

Ninachotaka ni hiki. Fundi aliye zamu awe na haki ya kuchapisha, bila kuomba idhini ya mtu aliye harusini, maneno ambayo yamekubaliwa kabla: nini hakifanyi kazi, nini bado kinafanya kazi, mteja afanye nini na asifanye nini, na saa ngapi tutazungumza tena. Hilo la mwisho watu hulidharau nami nalipenda kuliko yote. Huhitaji kujua lini mtambo utapona ili useme lini utarudi kuongea. "Bado hatujui chanzo, tutawaambia tulipofika saa nane" ni ahadi ambayo mtu yeyote anaweza kuitimiza. Saa nane ikifika, rudi, hata kama huna jipya. Mawakili na wakuu wa mawasiliano waje kukaa siku ya amani, wabishane juu ya kila neno, wapige mihuri yao. Usiku wa ajali mlango wao ufungwe.

Nasema hivi nikifikiria zaidi kaunta za hospitali. Tarehe 1 Oktoba 2024 nchi nzima ilihamishwa kutoka NHIF kwenda SHA, na wiki zile za kwanza magazeti yalijaa wagonjwa wa figo na saratani waliokwama kwa sababu mfumo mpya haukuwatambua au hospitali hazikujua zitalipwa na nani. Mtu wa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki hawezi "kuvuta subira huku suala likishughulikiwa". Ana siku chache tu za kuamua kama ataazima pesa, atahamia hospitali nyingine, au atauza mbuzi. Pale hata tovuti haihitajiki. Karatasi moja iliyobandikwa kwenye dirisha la kaunta, kwa kalamu ya wino mzito, ingefanya kazi: Mfumo haujafunguka tangu saa mbili. Wagonjwa wa figo wataendelea kuhudumiwa leo kwa daftari, njooni dirisha la 3 na kitambulisho. Wa miadi ya kawaida, tutawaambia saa sita kamili kama mngoje au mrudi kesho. Jina la aliyeandika, na saa.